Ukimya wa paka yule si mlango wa nyuma wa kuingilia sokoni

Tangu filamu ya katuni kutoka Latvia iitwayo Flow itwae tuzo ya Oscar tarehe 2 Machi 2025, kuna hoja ambayo nimeisikia tena na tena kutoka kwa vijana wanaotengeneza katuni hapa Nairobi, na sasa hata wanaotafuta wafadhili wa filamu wameanza kuirudia. Hoja yenyewe inakwenda hivi: filamu ile haina neno hata moja, imetengenezwa kwa programu isiyolipiwa, na imewabwaga wakubwa wa Marekani, basi nasi tuache maneno. Tusisumbuke tena na swali la Kiswahili, Kiingereza au Sheng, tusilipe waigizaji wa sauti, tusitafsiri chochote. Tuchore wanyama wetu, tunyamaze, tuuze dunia nzima. Mimi naipenda filamu hii kuliko karibu zote nilizotazama katika miaka kumi iliyopita, na kwa sababu hiyo siwezi kuiacha hoja hii ipite hivihivi. Ukimya wa Flow haukubuniwa kama mbinu ya kuuza. Ni uamuzi kuhusu wanyama, uamuzi kwamba paka aachwe awe paka. Atakayeuiga ukimya ule bila kuuelewa uamuzi huo ataishia na filamu bubu.

Kwa ambaye hajaitazama, kisa ni chepesi kusimulia. Paka mmoja mwenye manyoya ya kijivu cha kukoza anaishi katika nyumba iliyo msituni, imezungukwa na sanamu za paka, na mwenye nyumba hayupo. Maji yanapanda, yanaimeza nyumba, yanazimeza sanamu. Paka anajiokoa kwa kurukia mashua ya tanga ambamo tayari yumo kapibara, yule mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya panya anayewazidi wenziwe wote kwa ukubwa. Baadaye wanaongezeka komba wa Bukini (Madagaska) mwenye mkia wa mapete, mbwa wa rangi ya manjano, na ndege karani, huyu huyu wa kwetu mwenye miguu mirefu anayetembea nyikani akiwapiga nyoka kwa mateke. Wanasafiri. Hakuna binadamu hata mmoja, hakuna msimulizi, hakuna maandishi ya kutueleza watu walikwenda wapi wala gharika ilisababishwa na nini. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, alizaliwa mwaka 1994, na kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka mitano yeye na wenzake wa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Iligharimu takriban yuro milioni 3.5. Inside Out 2, mmoja wa wapinzani wake katika tuzo ile, iligharimu takriban dola milioni 200.

Ili kuona ukubwa wa uamuzi wa kumnyima paka maneno, lazima tukumbuke sisi tumewapa wanyama maneno kwa muda gani. Msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili anamjua kima aliyekaa juu ya mkuyu ufukweni, akimrushia rafiki yake papa matunda kila siku. Papa akamwalika kwao, kima akapanda mgongoni, wakaondoka. Walipofika katikati ya bahari papa akafichua siri: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu bila kutetemeka kwamba kima huacha mioyo yao mitini wanaposafiri, basi warudi wakauchukue. Wakarudi, kima akaruka mtini akatulia huko, na papa alipomwita akamsimulia kisa cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Ni hadithi ninayoiheshimu sana. Lakini tazama kinachomwokoa kima: ulimi. Ni mwanasheria mwenye mkia. Fisi wa hadithi zetu ni jirani mlafi, sungura ni kijana wa mtaani anayeishi kwa akili yake, kobe ni mzee asiye na haraka. Wazee walitunga hivyo kwa makusudi, kwa maana walitaka kutusema sisi bila kututaja, na ngozi ya mnyama ilikuwa pazia la adabu.

Sasa mweke paka wa Flow mahali pa kima. Hali ni ile ile: mnyama wa nchi kavu amezungukwa na maji, usalama wake umo mikononi mwa viumbe wa jinsi nyingine, na hajui wana nia gani. Tofauti ni kwamba huyu hana ulimi wa kumwokoa. Hawezi kudanganya, kuomba wala kuahidi. Kilichobaki ni masikio yanayolala nyuma, mgongo unaopinda, kucha, na umbali. Umbali ndio lugha ya filamu hii. Paka anaanza safari akiwa amejibana pembeni mwa mashua, mbali na kapibara kadiri mbao zinavyoruhusu, na ukitaka kujua urafiki umefikia wapi unapima nafasi iliyobaki kati ya miili yao. Baadaye anajifunza kupiga mbizi, anarudi na samaki, na wenzake wanakula. Hakuna anayeshukuru. Katika filamu yenye maneno pangekuwa na sentensi hapo, na sentensi hiyo ingetuhakikishia kwamba paka amekuwa mwema. Hapa tunaona samaki, tunaona wanaokula, na tunabaki na kazi ya kuelewa.

Linganisha na filamu ya Marekani ya mwaka 1994, The Lion King, ambayo Wakenya wengi tuliipokea kama ya kwetu kwa sababu ya majina. Simba, Rafiki, Pumbaa: maneno ni yetu, na nyika inafanana na tunayoijua. Lakini mambo yenyewe ni ya jumba la mfalme, ya kaka na mdogo wake wanaogombea kiti, na simba wale wangeweza kubadilishwa wakawa watu bila kisa kupoteza chochote. Paka wa Flow huwezi kumbadilisha. Mweke mtoto mahali pake na filamu inavunjika saa hiyo hiyo, kwa kuwa mtoto angepiga kelele, angeita mtu, angeuliza kwa nini.

Tuwape haki wanaosema ukimya ni biashara, kwani wana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya lugha. Latvia ina watu wasiofika milioni mbili, na filamu iliyozungumza Kilatvia tangu mwanzo hadi mwisho isingesafiri kwa wepesi huu. Flow ilitoka katika tamasha la filamu la Cannes mwezi Mei 2024, ikachukua tuzo nne katika tamasha la katuni la Annecy mwezi uliofuata, ikachukua Golden Globe Januari 2025, na kwenye Oscar ilishindania pia tuzo ya filamu ya kimataifa. Nakala iliyoonyeshwa Riga, mji mkuu wa Latvia, inaweza kuonyeshwa Lamu bila mtu kusoma tafsiri chini ya picha. Hilo ni kweli na ni faida kubwa. Hoja ya pili ni nzito zaidi dhidi yangu mimi: filamu ndefu ya kwanza ya Zilbalodis, Away ya mwaka 2019, ambayo aliitengeneza peke yake, nayo haina maneno, ilhali mhusika wake mkuu ni kijana wa kibinadamu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema ukimya ni mazoea ya mtu anayefanya kazi peke yake, na paka alikuja baadaye. Nakubali kwamba ndivyo alivyoanza. Ila chombo ambacho fundi alikiokota kwa sababu ya uhaba kinaweza siku moja kukutana na kazi iliyokihitaji hasa, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Ukimya wa kijana wa Away unahisika kama sharti alilowekewa. Wa paka ni wake tangu kuzaliwa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, nayo ni ile ya programu ya bure. Ni kweli kwamba Flow ilitengenezwa kwa Blender, na Blender haitozwi hata senti. Lakini Blender imekuwa huria tangu mwaka 2002. Kama programu peke yake ingetosha, vijana wetu wangekuwa wameshapanda jukwaa lile zamani. Kinachoachwa nje ya simulizi hii tamu ni kwamba kituo cha taifa cha filamu cha Latvia kiliweka fedha za umma, mfuko wa Ulaya wa Eurimages ukaweka zake, na watayarishaji wa nchi tatu wakakubali kungoja kwa miaka. Yuro milioni 3.5 ni fedha kidogo Hollywood. Nairobi ni fedha ambazo hakuna mtayarishaji wa katuni ninayemjua aliyewahi kuzishika kwa filamu moja. Tena mikono yenye ujuzi hatukuikosa kamwe. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, zilichorwa hapa hapa Nairobi na vijana wa hapa, vipindi 52, kwa mtindo wa picha uliopewa jina la mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Kumwambia kijana wa mtaa wa Umoja kwamba amekosa Oscar kwa kuwa hajapakua programu fulani ni kumdhulumu.

Kuna pia watu wanaosema filamu hii ni kimya kwa sababu hawakuisikiliza. Masikio ndiyo yanayofanya kazi kubwa ndani yake. Watengenezaji hawakumwita mtu aigize mlio wa paka. Walirekodi wanyama wenyewe, na paka unayemsikia ni paka. Kapibara aliwapa shida. Sauti yake halisi ni nyembamba, kama ya kifaranga, haikupatana na mwili ule mzito uliotulia, na mwishowe wakatumia sauti ya ndama wa ngamia. Mtu wa Isiolo au Garissa huenda akaitambua kabla ya mtu wa Paris. Mpinzani wangu atasema hapo nimenaswa: uko wapi ukweli wa mnyama ikiwa kapibara analia kama ngamia? Nitajibu kwamba hata katika udanganyifu ule walitafuta mnyama mwingine aliye hai, wakasikiliza wengi, wakachagua. Hawakumtafuta mcheshi mwenye jina kubwa.

Pingamizi ninaloliona kuwa gumu zaidi ni kuhusu usukani. Wanyama hawa wanaendesha mashua. Ndege karani anashika usukani, anageuza, na mashua inatii. Paka naye anajaribu. Karani wa kweli hafanyi hivyo, na mara mbili tatu nilihisi mkono wa mwandishi ukiwasukuma wanyama kuelekea mahali kisa kilipohitaji kufika. Sitautetea usukani. Ila naona filamu imejiruhusu kuwapa wanyama vitendo vichache vya ajabu bila hata mara moja kuwapa maelezo. Karani anapanda juu ya minara ya mawe, paka anamfuata, mwanga unawainua wote wawili kutoka ardhini, kisha paka anarudi peke yake. Nilikuwa nikitazama na binti wa dada yangu, mtoto wa miaka saba, na akaniuliza, “Mjomba, yule ndege amekufa ama ameenda kwao?” Sikuwa na jibu. Hakuna kiumbe ndani ya filamu ambaye angeweza kumjibu. Alinyamaza kidogo, akasogea karibu nami kwenye kiti, macho yakiwa kwenye picha, na hakuuliza tena hadi mwisho.

Wengine wananiambia haya yote ni ya watu wa matamasha, kwamba mtazamaji wa Kenya amelelewa katika vibanda vya video, ambako hata filamu ya Kichina iliyojaa mateke haikamiliki bila sauti ya DJ anayeisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili na Sheng, akimpa jambazi jina la mtaa na kumtania shujaa. Kwamba mtazamaji huyu hataivumilia dakika 85 bila neno. Mimi naona kinyume. Watu waliokua katika vibanda vile hawakuwahi kutegemea maneno ya filamu. Maneno yalikuwa ya chumbani, ya msimulizi na ya wenzao kwenye benchi, na filamu yenyewe waliisoma kwa macho: nani anamtazama nani, nani amegeuza bega, nani anakaribia kukimbia. Ni wasomaji hodari wa miili. Waonyeshe Flow kwenye kibanda cha Kawangware na wataongea kuanzia dakika ya kwanza, watabishana kama mbwa ni mwaminifu au ni mpumbavu, na filamu itastahimili kelele hiyo vizuri, kwa sababu imewaachia nafasi.

Kuhusu maji nitasema kwa uzito, kwani kwetu hayakuwa mfano. Filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Mei 2024, Nairobi ilikuwa bado inatoa matope ndani ya nyumba. Mvua za masika za Machi hadi Mei mwaka huo ziliua karibu watu 300 nchini. Mathare ilisombwa, Mai Mahiu ilizika watu wake baada ya kizuizi cha maji kubomoka usiku. Basi ni rahisi kwa mchambuzi wa hapa kuichukua Flow na kuifanya hotuba kuhusu hali ya hewa, na nimeona ikifanywa hivyo. Lakini maji ya filamu hayahutubii. Yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, na paka hana nadharia. Kinachonishika ni urefu ambao tunayaona kutoka kwake: kamera inakaa karibu na ardhi, penye macho ya paka, mahali ambapo kijito kinachomfika mtu kwenye kifundo cha mguu tayari ni mauti. Ukiyaona maji kutoka pale hata mara moja, unaanza kujiuliza ni nini kilichokuwa pale chini wakati sisi tulipokuwa tukihesabu mabati.

Na hapa ndipo naona jambo hili linatugusa nje ya sinema. Sisi ni mji uliopakana na simba. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ina kilomita 117 za mraba. Upande wa mji kuna ua, upande wa kusini kuko wazi ili wanyama wavuke Mto Mbagathi kwenda Kitengela na kurudi, na tangu mwaka 2019 treni inapita juu yake kwa nguzo. Tunawazungumzia wanyama hawa kwa ndimi mbili tu. Mmoja ni wa mapato: watalii, dola, matangazo. Sarafu zetu tangu mwishoni mwa 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini, na wengi wetu tumewagusa wanyama hao kwa kidole mara nyingi kuliko tulivyowaona kwa macho. Ulimi wa pili ni wa hofu, na huo husikika simba anapotoka, kama yule aliyepigwa risasi Isinya mwaka 2016. Ulimi wa tatu, wa kumtazama mnyama kama kiumbe mwenye safari yake, mwenye mambo yasiyotuhusu, hatuna bado katika picha zetu. Hadithi za sungura na fisi hazikukusudiwa kutupa huo.

Kwa hiyo atakayetengeneza filamu ya wanyama bila maneno hapa Nairobi, na natamani sana atokee, asianze na hesabu ya soko. Awaambie wafadhili wake ukweli kwamba itachukua miaka, na kwamba mwaka wa kwanza hautatoa hata picha moja ya kuonyesha. Atafute fundi wa sauti kabla ya kutafuta mchoraji wa mandhari. Na kama kisa chake kinahitaji maneno, basi kiseme, na kiseme Kiswahili kwa kifua, maana naona hatari nyingine ikinyemelea: ukimya kugeuzwa kisingizio cha heshima cha kuifungia nje lugha ya mamilioni ya watu, ati tuzo zinapenda wasiosema. Paka yule alinyamazishwa kwa sababu paka hasemi. Mama mboga wa Gikomba anasema, na akinyamazishwa ndani ya filamu ili iuzike Ufaransa, huo utakuwa wizi.

Ndege karani wa Flow alichorwa na watu walioishi mbali sana na nyika. Karani mwenyewe yuko hapa, safari ya matatu kutoka katikati ya mji, na tangu mwaka 2020 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Asubuhi hutembea kwenye nyasi fupi kwa hatua za taratibu, shingo ikienda mbele na kurudi. Kisha anasimama. Manyoya ya kisogoni yanainuka, mguu mmoja unapanda, na kabla haujashuka kwa kishindo kuna kitambo kidogo ambacho hakuna kitu kinachosogea isipokuwa nyasi. Anayetaka kuchora kitambo hicho atalazimika kukaa ndani ya gari lililozimwa injini, saa mkononi, na kupima ni kirefu kiasi gani.